Kwa Nini Hapa na Si Pale?

Katika maabara za uhandisi kuna jaribio la zamani lisilohitaji kifaa cha gharama. Bapa la chuma laini cha ujenzi, kile chenye kaboni kidogo, hupakwa chokaa likaachwa likauke, kisha hubanwa ncha zote mbili mashineni na kuvutwa polepole. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Mshale wa nguvu unapanda, bapa linarefuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni, milimita moja na kidogo kwa kila mita, na lau mashine ingeachia hapo bapa lingerudi kwenye urefu wake wa kwanza. Halafu mshale unashuka ghafla. Chokaa inapukutika, lakini haipukutiki bapa zima. Inapukutika katika mkanda mmoja mwembamba uliokaa mshazari, mara nyingi karibu na kishikio cha mashine. Ndani ya mkanda huo chuma kimekwisha kunyooka kwa asilimia moja au mbili na hakirudi tena. Sentimita chache pembeni, chokaa ingali nyeupe na chuma kiko vilevile kama kilivyoingia maabara. Bapa ni moja, limetoka katika yeyusho moja, unene wake haubadiliki, na nguvu inayolivuta inapita kila sehemu kwa kiasi kilekile. Mbona basi limesalimu amri hapo na si pengine?

Swali hili liliulizwa zamani sana, kabla hata ya kuwapo mashine za kuvuta vyuma. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawakumbusha wasikilizaji wake mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, na anawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake mwenyewe ni hapana. Hata hivyo, leo basi likipinduka au ghorofa likiporomoka, bado tunawapitia waliofikwa mmoja baada ya mwingine tukitafuta alama: huyu alikuwa haswali, yule aliwadhulumu ndugu zake mirathi, mwingine ana mkosi wa ukoo. Tunaamini kwamba jambo kubwa likitua mahali fulani, lazima limekuta mahali hapo sababu yenye ukubwa wa kulingana nalo. Nadai kwamba imani hiyo ni kosa la kimantiki kabla hata hatujaihesabu kuwa ukosefu wa huruma, na kwamba chuma kinatuonyesha kosa hilo vizuri kuliko visa vya binadamu, kwa kuwa chuma hakina dhambi, hakina ukoo, wala hakina cha kuficha.

Mikanda ile ilielezwa na Guillaume Piobert wa Ufaransa mwaka 1842, na Wilhelm Lüders wa Ujerumani mwaka 1860. Jina la Lüders ndilo lililodumu. Sababu ya mikanda hiyo haikueleweka hadi karne iliyofuata. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba metali hainyooki kwa safu nzima za atomu kuteleza kwa pamoja. Hunyooka kwa sababu ndani ya fuwele zake kuna kasoro zenye umbo la mstari, ziitwazo dislokesheni, zinazosogea hatua kwa hatua. Mwaka 1949 Alan Cottrell na Bruce Bilby wakaongeza kipande kilichokosekana. Atomu za kaboni na nitrojeni ni ndogo, hukaa katika nafasi zilizo baina ya atomu za chuma, na kando ya dislokesheni ndiko zinakopata nafasi pana zaidi. Zikipewa muda husafiri hadi huko na kujikusanya, na dislokesheni iliyozungukwa namna hiyo ni kama imefungwa kufuli. Haihitaji kaboni nyingi; sehemu chache katika kila laki moja ya uzito zinatosha. Ndiyo maana chuma kilichokunjwa, kikaachwa majuma kadhaa, huwa kigumu zaidi na chepesi kukatika kuliko siku kilipokunjwa. Kwa nje kilikuwa kimepumzika. Ndani kaboni ilikuwa kazini. Joto huiharakisha kazi hiyo, hivi kwamba kilichochukua miezi katika joto la kawaida humalizika kwa dakika au saa chache kwenye nyuzi 100 hadi 200. Wahandisi husema chuma kimezeeka, na uzee huo ni mojawapo ya sababu zinazofanya nondo iliyokunjwa zamani isikunjuliwe ovyo.

Matokeo yake ndiyo yanayotuhusu. Katika chuma kilichozeeka, nguvu ya kuanzisha mwendo ni kubwa kuliko nguvu ya kuuendeleza. Sehemu yoyote ikishafunguka, dislokesheni mpya huzaliana hapo kwa wingi, na sehemu hiyo inakuwa laini kuliko jirani zake wote ambao bado wamefungwa. Mnyooko wote unaangukia kwake. Hali ya bapa zima kulegea kwa pamoja, kila sentimita sawa na mwenzake, haikatazwi na sheria yoyote ya fizikia. Ukiiandika kwa hesabu inakubali. Ila haidumu. Ikitokea tofauti ndogo kabisa kati ya sehemu na sehemu, tofauti hiyo inajilisha yenyewe na kukua. Sheria inauruhusu usawa lakini haiulindi.

Kwa hiyo swali letu lilikuwa maswali mawili yaliyovaa nguo moja. Kwa nini mkanda umeanzia hapa? Kwa sababu kishikio kilibana upande kidogo, au pana mkwaruzo, au fuwele fulani imelala kwa namna inayouelekea mvuto. Kwa nini kumetokea mkanda, yaani kwa nini ilikuwa lazima apatikane mmoja wa kutangulia? Kwa sababu bapa zima lilikuwa limefungwa na kaboni. Sababu ya kwanza inachagua, ya pili inalazimisha uchaguzi ufanyike. Ya kwanza ni ndogo, ni ya mahali, na ingeweza kuwa nyingine yoyote. Ya pili imeenea kila mahali, pamoja na pale ambapo chokaa haijapukutika. Kosa ninalolisema ni kulichukua jibu la swali la kwanza na kulitwisha mzigo wa swali la pili.

Wanafalsafa wamevutana sana kuhusu namna ya kuchagua kati ya vitu vilivyo sawa. Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa aliyoimaliza mwaka 1095, alikuwa akiwajibu waliodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwa kuwa nyakati zote zilikuwa sawa na hapakuwa na sababu ya kuuchagua wakati huu na kuuacha ule. Akatoa mfano wa mtu mwenye hamu ya tende aliyewekewa tende mbili zisizotofautiana kwa lolote, naye hawezi kuchukua zote. Mtu huyo hatakaa akizitazama milele, atachukua moja. Kwa Ghazali, hiyo ndiyo kazi hasa ya utashi, kukipambanua kitu na mwenzake kilicho sawa nacho. Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata kwamba mlaji huyo hapendelei tende moja kuliko nyingine. Anachopendelea ni kuchukua kuliko kuacha, na yoyote kati ya hizo mbili inatimiza haja. Leibniz, katika barua zake za mwaka 1716 kwa Samuel Clarke, alilikataa swali lenyewe: vitu viwili visivyo na tofauti yoyote havipo duniani. Anasimulia habari za bwana mmoja aliyezunguka bustani ya Herrenhausen akitafuta majani mawili yanayofanana kabisa, asiyapate.

Bapa letu linampa Leibniz haki yake, kwa sababu ukitafuta kwa hadubini hukosi tofauti. Lakini yeye alitaka sababu ya kutosha, na mkwaruzo hautoshi. Mkwaruzo huohuo kwenye chuma kisichofungwa na kaboni hauzai mkanda. Chuma kinanyooka chote, mkwaruzo wake ukiwemo. Namwona Ibn Rushd ndiye aliyekaribia zaidi, kwa kuwa alitambua kwamba kinachohitaji maelezo ni kule kuchukua, wala si ipi imechukuliwa. Upungufu wa mfano wake ni kwamba mlaji amesimama nje ya tende. Ndani ya bapa hakuna mlaji, na hapo ndipo chuma kinapotusaidia: hatuwezi kuficha tusichokijua nyuma ya neno utashi. Je, hili linamtoa Ghazali uwanjani? Sidhani. Anayeshikilia kwamba nyuma ya kila mkwaruzo kuna kadari ya Mwenyezi Mungu hapingwi na lolote nililolisema. Anachozuiwa ni kuisoma kadari hiyo kana kwamba ni hukumu juu ya mahali.

Aloi za alumini zinalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Mwaka 1923 Albert Portevin na François Le Chatelier waliripoti nchini Ufaransa kwamba baadhi ya aloi hizo, zikivutwa kwa mwendo usiobadilika, hunyooka kwa kushtukashtuka, na mchoro wa nguvu hutoka na meno. Hapa kufungwa na kufunguka hutokea wakati uleule wa kuvutwa. Chukua alumini yenye magnesiamu katika joto la kawaida. Dislokesheni inasafiri, inakwama kwenye kizuizi, inasubiri kidogo. Inaposubiri, atomu za magnesiamu zinaikaribia. Inayokwenda polepole husubiri zaidi na kufungwa zaidi. Yenye kasi huondoka kabla haijafungwa barabara. Kwa hiyo aliyetangulia kidogo anapata wepesi wa kutangulia zaidi, na aliyechelewa anaongezewa uzito. Ukivuta kwa kasi kubwa zaidi, nguvu inayotakiwa inapungua badala ya kupanda, kinyume cha mazoea ya metali nyingi. Mwendo wa mashine ukiwa wa kasi, mikanda husafiri mfululizo kutoka ncha hadi ncha. Ukiwa wa kadiri, huruka kutoka mahali hadi jirani yake. Ukiwa wa polepole, hujitokeza huku na kule bila mpango unaoonekana. Vipande vitatu vilivyokatwa kutoka bamba moja, vyenye kasoro za aina moja, vinaweza kutoa tabia hizo tatu, na kilichobadilika ni kasi ya mashine tu. Mwenye kuzichunguza kasoro za kila kipande peke yake angechunguza hadi kiyama asipate sababu ya tofauti hiyo.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, unapatikana ukiendelea kulivuta lile bapa la chokaa. Mkanda wa kwanza hauzidi kuharibika hadi ukatike. Ukishanyooka kiasi chake unakuwa mgumu, kwa sababu dislokesheni zilizozaliana zinazuiana zenyewe kwa zenyewe, na mpaka wa mkanda unaanza kutambaa kuelekea kwa jirani. Nguvu ya mashine inakaa karibu palepale wakati mpaka ukisonga, na chokaa inaendelea kupukutika mbele yake. Katikati ya safari hiyo mashine itaandika kwamba bapa limerefuka kwa asilimia moja, na usipate hata sentimita moja yenye asilimia hiyo: upande mmoja una mbili, mwingine hauna kitu. (Wapenda takwimu za wastani wangefaidika kulitazama jaribio hili.) Mpaka ukifika ncha ya pili, sehemu zote zimepitia jambo lilelile kwa kiasi kinachokaribia kuwa kimoja. Ile ya kwanza haikuwa na ubovu wa pekee. Ilikuwa ya kwanza, basi. Na likivutwa hadi kukatika, bapa mara nyingi hukatikia mbali na mahali mkanda ulipoanzia, kwani mkanda hupenda kuanzia kwenye kona za vishikio, na shingo ya mwisho hujifanya sehemu ya kati. Mtu aliyetia alama ya wino pale chokaa ilipopukutika kwanza, akaandika kwamba hapa ndipo padhaifu, angekuwa ameandika uongo.

Atatokea wa kusema: sugua mkwaruzo, linganisha vishikio, uone kama mkanda hautatoweka. Jaribio hilo limefanywa sana. Kipande kilichosuguliwa vizuri na kuwekwa sawasawa mashineni hustahimili nguvu kubwa zaidi kabla ya kulegea, na hilo linathibitisha kwamba kasoro ina kazi yake. Lakini kikilegea, kinalegea mahali pamoja vilevile, na mshale unashuka kutoka juu zaidi hadi karibu na kiwango kilekile cha chini ambacho kipande chenye mikwaruzo kilikuwa nacho. Usafi wa kipande umechelewesha tukio na kuukuza mshindo wake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatokana na methali tunayoijua sote kuhusu ufa usiozibwa. Ufa mdogo ndio mwanzo wa ukuta kuanguka. Je, mahali hapakuwa na kosa? A. A. Griffith, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1921, alionyesha kwa kutumia kioo kwamba nguvu ya kitu chenye tabia ya kupasuka hupungua kadiri ufa unavyorefuka: ufa ukirefuka mara nne, nguvu inabaki nusu. Hapo ukubwa wa kasoro unaeleza ukubwa wa tukio, na anayeutafuta ufa hapotezi muda. Nalikubali hilo lote. Ninachosema ni kwamba haya ni mambo ya aina mbili, na kipimo cha kuyatofautisha kipo: iondoe kasoro, kisha utazame. Tukio likikoma, au likipungua kwa kadiri ulivyoondoa, mahali palikuwa na hatia. Likihamia pengine, hatia iko katika hali ya wote. Rafiki zake Ayubu, Elifazi na Bildadi na Sofari, hawakuwa na kipimo cha namna hiyo. Walikuwa na kanuni ya jumla kwamba uovu huzaa maangamizi, kanuni isiyo na ubaya wowote, nao wakaisoma kinyumenyume: kuna maangamizi, kwa hiyo kuna uovu, na kwa vile maangamizi ni makubwa, uovu nao ni mkubwa.

Kuna watakaoniambia kwamba binadamu si chuma, ana hiari na atajibu kwa matendo yake. Ni kweli, na sisemi kwamba mwizi asihukumiwe kwa kuwa mtaa wake una njaa. Kitendo kina mwenyewe. Hoja yangu inagusa hatua moja tu ya fikra, ile ya kutoka "limempata yeye" hadi "sababu yenye ukubwa huu imo ndani yake". Hatua hiyo inateleza hata kwenye chuma, ambako mambo ya kuzingatia ni machache na karibu yote yanapimika. Anayetaka kuipiga kwa mtu, ambaye mambo yake hayahesabiki, ana wajibu mkubwa zaidi wa kuthibitisha, na mara nyingi tunamwona akiipiga bila hata kuulizwa. Kuna pia wanaofurahia hoja hii kupita kiasi, wakasema basi kila kitu ni mfumo na hakuna mtu anayehusika na lolote. Hao nao wameielewa vibaya. Hali ya wote haielei hewani. Ni kaboni iliyomo katika kila sentimita ya bapa, ikiwemo ile ambayo chokaa yake ingali nyeupe. Waliosalimika nao wamo ndani ya sababu, jambo ambalo msibani hatulisemi.

Viwanda vinavyotengeneza karatasi za chuma vilielewa hili kwa vitendo. Karatasi iliyozeeka ikikandamizwa kwenye kalibu iwe mlango wa gari, mikanda hujitokeza usoni na rangi haiifichi. Hawatumi watu wakatafute mahali dhaifu. Karatasi nzima hupitishwa kati ya rola na kupunguzwa unene kwa asilimia moja hivi, ili dislokesheni huru zipatikane kila mahali kabla ya kazi kuanza. Njia nyingine ni kuipunguza kaboni hadi kidogo kabisa na kutia titani au niobi, ambazo huishika ile iliyobaki isizurure. Kwa upande wa alumini, aloi zenye magnesiamu hutumika zaidi katika sehemu za ndani za gari ambako mikanda haimkeri mtu, na sehemu za nje hupewa aloi za magnesiamu na silikoni. Uzee wenyewe nao hutafutwa kwa makusudi katika vyuma fulani: mlango hufinyangwa ukiwa laini, kisha tanuri la kukaushia rangi, kama dakika 20 kwenye nyuzi 170, huruhusu kaboni ikamilishe kazi na kuupa mlango ugumu. Dawa ya rola ina muda wake. Karatasi ikilala ghalani miezi kadhaa, hasa kwenye joto, kaboni hujikusanya upya na mikanda hurudi, ndiyo maana karatasi za aina hiyo hukandamizwa mapema baada ya kutoka kwenye rola.